Nilibadili injini, mama akafika sendoff na Fuso!

UKIMWONA kijana wa mjini, shati limenyooshwa, viatu vimepigwa kiwi, anakatiza Mtaa wa Shaurimoyo pale Ilala saa saba mchana huku kabeba begani chuma kirefu kinachochuruzika grisi, usimcheke. Mwombee. Huyo kabadili injini ya gari na sasa anatafuta propela shafti.

Mimi nilikuwa huyo kijana. Madalali wa spea, ambao siku hizi wanajiita mawinga, walinipokea kwa shangwe. "Braza, hiyo bazuka unaipeleka wapi?" aliuliza mmoja. Mwingine akadakia, "Muacheni, katoka kumchukulia mkwe mahari!" Nikacheka nao, maana ukikasirika Ilala bei inapanda.

Ndugu msomaji, wiki hii tuweke pembeni mitindo ya nywele na namna ya kumjua mchumba muongo. Nataka nikusimulie kisa cha chuma hicho, kwani najua wasomaji wangu wengi sasa mna magari, tena yale ya kurithi na ya kuchangiana, na najua vijiweni kwenu kuna mtu anayewaambia "weka injini kubwa, utaniambia". Ingawa ukifikiri vizuri, propela shafti nayo ni mambo ya mapenzi tu. Kazi yake ni kuunganisha wawili, huku gia boksi na kule difu. Mmoja asipokubali, hakuna ndoa.

GARI LA MAREHEMU

Marehemu baba alituachia vitu viwili vya kuonekana kwa macho: nyumba ya vyumba vitatu ambayo upande wa nyuma haijapigwa lipu, na Toyota Mark II nyeupe, GX100. Kwa asiyejua, hayo maandishi "GX100" si urembo. G ni ukoo wa injini. X ni ukoo wa gari lenyewe, yaani Mark II na ndugu zake Chaser na Cresta. Ile 100 ni uzao wake, ulioanza kutoka kiwandani Japani mwaka 1996. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita zilizopanga foleni, ujazo wa sisi 1,988. Na ni gari linalosukumwa na matairi ya nyuma. Likumbuke hilo la matairi ya nyuma, maana ndilo lililoniumbua.

Baba alikuwa analifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mimi nikalirithi na kulifanya la kwendea Coco Beach. Rejeta ikaanza kuvuja, nikanunua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaiweka kwenye buti, basi nikajiona nimeshatengeneza. Jioni moja katika foleni ya Ubungo mshale wa joto ukapanda mpaka juu. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikasema moyoni, si pale tu, ngoja nifike nyumbani.

Nilifika. Injini haikufika. Silinda hedi ilipinda, maji yakachanganyika na oili ikawa kama chai ya maziwa.

Fundi wetu wa mtaani alipiga hesabu ya kufungua na kutengeneza, akatikisa kichwa. Kijiweni wakanishauri kwa sauti moja, "Tupa hiyo, weka 1JZ!" Na kweli, 1JZ si mgeni katika ukoo huo. Ndugu yake GX100, anayeitwa JZX100, alitoka nayo kiwandani, ujazo wa sisi 2,491. Vyumba vya mbele ni vilevile. Nikaona hiyo ni kazi ya siku mbili.

Pesa sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni mama, tena ya kikoba, aliyoiweka mwaka mzima kwa ajili ya lipu ya ule ukuta wa nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nina sendoff Morogoro, ya binti wa mama yako mdogo. Mimi ndiye nimeshika zawadi ya ukoo. Gari litakuwa limepona?"

"Mama," nikajibu kwa kujiamini ile mbaya, "tutakwenda na kurudi siku hiyohiyo."

INJINI IMEINGIA, SHAFTI IMEGOMA

Injini ilikuja na gia boksi yake, na hilo ndilo jambo la kwanza nataka ulishike. Gia boksi ya 1G haifungiki kwenye 1JZ, kwa sababu ile kengele ya mbele inayokutana na injini ina mashimo tofauti. Kwa hiyo ukibadili ukoo wa injini, mara nyingi unabadili na gia boksi. Ukibadili gia boksi, mkia wake hauishii pale ulipoishia wa zamani. Na propela shafti ilikatwa kiwandani kwa kipimo cha ule mkia wa zamani!

Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Injini ilikaa, maunting zikakubali, nyaya zikaunganishwa, ikawaka mara ya tatu. Watoto wa mtaa wakapiga makofi. Fundi akaingia chini ya gari na ile shafti yetu ya zamani, akakaa kimya dakika tano, kisha akatoka na uso wa daktari anayetafuta maneno.

"Ni ndefu," akasema. "Halafu hata ingekuwa fupi, meno hayaingii."

Nikamuuliza meno gani. Akanionyesha. Kichwa cha mbele cha shafti ni kama soksi ya chuma, kwa ndani kina meno. Soksi hiyo inavaa kwenye ncha ya gia boksi ambayo nayo ina meno kwa nje. Idadi ya meno ikipishana hata kwa moja tu, huwezi kuilazimisha, hata ulete nyundo ya kuvunjia kokoto.

ILALA, MJI WA "HII NDIYO YENYEWE"

Ilala ni mahali pazuri kama unajua unachotaka. Spea zilizotumika kutoka Japani zimerundikwa mpaka dari, na ukiwa na bahati mbaya utauziwa hata sait mira yako mwenyewe iliyong'olewa jana. Ndiyo maana watu wa Dar tunachora namba za gari kwenye vioo na taa. Ila kama hujui unachotaka, Ilala watakuambia wao unachotaka.

Duka la kwanza niliulizwa, "Shafti ya nini?" Nikajibu, "Ya Mark II." Muuzaji akanitazama kama mtu aliyeingia sokoni akasema anataka chakula. Mark II ipi? Ya injini gani? Ya gia za mkono au otomatiki? Ya matairi mawili au manne? Kumbe uzao huohuo mmoja una JZX100 na JZX105. Hiyo yenye 5 mwishoni inasukuma matairi yote manne, na shafti zake ni habari nyingine kabisa. Kumbe pia 1JZ ya tabo yenye gia za mkono ina gia boksi yake, na shafti yake si hiyo ya otomatiki isiyo na tabo.

Nikazunguka maduka tisa. La kumi nikakutana na kijana mchangamfu, akaniletea shafti, akaipangusa kwa tambara, akasema, "Hii ndiyo yenyewe, ni ya JZ hii." Nikatoa simu, nikampigia fundi, akasema jaribu meno. Bahati nilikuwa nimekwenda na kipande cha plastiki tulichokanyagia alama ya meno ya gia boksi. Nikalinganisha. Yakakubali!

Ndugu msomaji, ni kama kijana anayekutana na binti kwenye daladala, wakagundua wote wanapenda chipsi mayai, basi akaenda kupeleka posa. Meno yalikubali, nikadhani ndoa imekubali. Nikalipa shilingi 150,000, nikaweka bazuka begani.

Nyumbani tukakuta urefu hauendani na flanji ya nyuma haikai kwenye difu. Mashimo manne ya shafti na mashimo manne ya difu yalikuwa yanatazamana kama wake wenza. Nikarudi dukani, lakini yule mchangamfu akasema mali ikitoka hairudi. Sendoff ilikuwa imebaki siku kumi na moja.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Kuna kijana anachomelea mageti jirani yetu. Mageti yake mazuri kweli. Nikampelekea shafti mbili, nikamwambia akate kichwa cha ile mpya na mwili wa ile ya zamani, azioanishe. Akazilaza kwenye mchanga, akapima kwa futikamba, akakata, akachomelea, akapulizia rangi nyeusi. Dakika arobaini, shilingi 40,000. Shafti ikang'aa kama viatu vya bwana harusi.

MTETEMO

Gari likatembea! Mtaani nilikuwa mfalme. Tatizo lilianza nilipofika spidi 70. Kiti kikaanza kunikuna mgongo. Kwa 80 kioo cha ndani kikawa kinacheza kiasi kwamba gari moja la nyuma nililiona mawili. Nikapunguza, ikatulia. Kijiweni wakasema, "Hizo tairi, kafanye balansi." Nikafanya, lakini mtetemo ukabaki palepale.

Sasa nisikilize nikupe hesabu, hesabu ambayo mimi niliyeishia kidato cha nne nimeiweza. Tairi langu ni 195/65 R15. Likizunguka mara moja, gari linasogea karibu mita mbili. Ukiwa kwenye spidi 100, tairi linazunguka kama mara 835 kwa dakika. Lakini shafti haizunguki sawa na tairi. Difu yenye uwiano wa 4.1 inataka shafti izunguke mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja. Zidisha, utapata mizunguko kama 3,400 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 50 katika kila sekunde. Bomba la chuma lililopinda kidogo tu, likizungushwa hivyo chini ya makalio yako, litakutafuta.

Wa kwanza kuumia ni senta beringi. Shafti ya Mark II ina vipande viwili, na katikati kuna beringi iliyovalishwa mpira na kufungwa kwenye bodi. Yangu ilikufa ndani ya wiki moja, mpira ukachanika. Nikanunua nyingine kwa 60,000, nikafunga, nikajipa moyo. Mama aliuliza, "Limepona?" Nikasema limepona. Huo ulikuwa uongo, na niliujua wakati nausema.

MLANDIZI, SAA KUMI NA MOJA JIONI

Jumamosi ilifika. Mama alivaa kitenge cha sare, zawadi ya ukoo kaifunga kwenye mkoba kaupakata. Tulitoka saa tisa alasiri, kwa kuchelewa, kwa sababu nilikuwa bado nakaza bolti. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kilomita kama 190. Mimi nilitaka kukimbia, mama akaniambia, "Polepole baba, sendoff haikimbii." Nikashuka mpaka 60. Kauli hiyo ya mama, naamini, ndiyo iliyonifanya niwe hai kuandika ukurasa huu.

Tulipoikaribia Mlandizi nilisikia mlio kama wa mtu anayegonga debe. Kisha zikaja ngurumo. Shafti ilikatika kwenye krosi, kile kimsalaba cha chuma kinachoiruhusu ijikunje, na kipande cha mbele kikawa kinapiga sakafu katikati yangu na mama, paa, paa, paa, kama kuna mtu chini anataka kuingia. Mama alinyanyua miguu yote miwili juu ya kiti. Mimi nikakanyaga bleki, nikalitoa gari pembeni. Kipande kile kilikuwa kimechomoka kwenye gia boksi, oili nyekundu ikamwagika barabarani.

Nikaweka gia kwenye P kama kawaida ya otomatiki, nikashuka. Gari likaanza kurudi nyuma lenyewe, na mama yumo ndani!

Msomaji, hili liandike ukutani. Ile P inafunga gia boksi tu, haishiki matairi. Shafti ikikatika, gia boksi haina tena uhusiano na matairi ya nyuma, kwa hiyo P haizuii chochote. Nilirukia dirishani nikavuta hendibreki, jiwe nikaliweka baadaye huku mikono inatetemeka. Nyuma yetu lori la mafuta lilipita likipiga honi ndefu.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma kuliko kipigo. Alishuka, akakaa kwenye jiwe, mkoba kapakata, akawa anaangalia barabara. Mabasi yalipita yamejaa. Saa moja na nusu ikasimama Fuso iliyobeba kreti za soda. Dereva, kijana mwungwana kweli, akasema, "Mama yangu, panda mbele." Mama akapanda na kitenge chake cha sare, akanipungia mkono mara moja.

Alifika ukumbini saa tano usiku. Keki ilishakatwa. Zawadi ya ukoo aliitoa viti vikiwa vinakusanywa. Ninayo picha kwenye simu, mama anatabasamu, na begani kitenge kina alama ya vumbi.

SHULE YA MZEE WA GEREZANI

Wiki iliyofuata nikaenda Gerezani kwa mzee mmoja fundi kereza, niliyeelekezwa na dereva wa lori lililonivuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akachukua mabaki ya shafti yangu, akayazungusha mkononi, akacheka kwa huzuni. "Mjukuu, aliyefanya hii anatengeneza nini?"

"Mageti."

"Nilijua. Geti halizunguki."

Akaniweka kwenye benchi, akanifundisha. Nami nakupa kama alivyonipa, bila kukata pesa.

Kwanza, soma gari lako kabla hujaenda dukani. Chini ya boneti kuna kibati kimeandikwa modeli, na pale palipoandikwa TRANS/AXLE panaonyesha aina ya gia boksi na difu ambazo gari lilizaliwa nazo. Soma pia kibati cha gari lililotoa injini yako, au piga picha kabla hawajakichinja. Shafti unayoitafuta mbele inamfuata mtoa gia boksi, nyuma inamfuata mwenye difu.

Pili, vitu vya kulinganisha ni vitano: idadi ya meno ya kichwa cha mbele; unene wa soksi yake kwa nje, maana ndio unaokutana na oili sili ya gia boksi, ukipishana itavuja; flanji ya nyuma, yaani umbali wa shimo hadi shimo na duara la katikati; ukubwa wa krosi; na urefu. Yule mchangamfu wa Ilala alinipa kimoja kati ya vitano.

Tatu, urefu unapimwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, siyo likiwa kwenye jeki huku matairi yananing'inia. Soksi ya mbele isukume mpaka mwisho, kisha irudishe nje milimita 20 hadi 25. Nafasi hiyo ni ya kupumulia. Ukiibana hadi mwisho, injini ikitikisika itasukuma gia boksi na kuua beringi. Ukiivuta sana nje, meno yanayoshikana yanabaki machache.

Nne, kama shafti yako ina vipande viwili, cha kubadili ni cha mbele. Senta beringi haijahama kwenye bodi, difu haijahama, basi kipande cha nyuma kiache kilivyo. "Wewe umekata mpaka mahali pasipouma," akaniambia mzee.

Tano, krosi za mbele na nyuma za kipande kimoja lazima zitazamane kwenye mstari. Krosi ikijikunja haizungushi chuma kwa mwendo ulio sawa, inakaza na kulegeza. Ile ya pili, ikiwa imepangwa sawa, inafuta makosa ya ya kwanza. Ikipishwa, inaongeza. Yangu ilikuwa imepishwa, maana kwenye mchanga hakuna mstari. Ndiyo maana fundi mzuri kabla ya kufungua shafti yoyote anapiga alama ya rangi kwenye flanji zote mbili, ili irudi ilivyotoka.

Sita, pembe. Mkia wa gia boksi na pua ya difu vinatakiwa vitazamane sambamba, tofauti isizidi digrii moja hivi, na krosi yenyewe isijikunje zaidi ya digrii tatu. Kwenye Mark II hii difu imefungwa kwenye fremu yake, haipandi na kushuka na tairi kama ya Hiace, kwa hiyo ukiona pembe imeharibika mtuhumiwa ni maunting za injini mpya. Kipimo hata kwenye simu yako kimo, ile programu ya pima maji.

Saba, bomba linachomelewa likiwa kwenye mashine ya kukereza, linazungushwa na kunyooshwa mpaka lisiyumbe, kisha linapelekwa kwenye mashine ya kubalansi, wanabandika vibati vidogo vya uzito. Karakana zinazohudumia malori ndizo zenye mashine hizo. Bila hatua hiyo ya mwisho, alisema mzee, unajidanganya.

Mzee alichukua kile kichwa nilichonunua Ilala, ambacho meno yake kweli yalikubali, akatafuta bomba jipya la unene uleule, akarudisha mwisho wa kipande changu cha zamani unaokutana na senta beringi. Akaweka krosi mpya. Nyingi za Kijapani, alinieleza, krosi zimebanwa kiwandani bila klipu, wauzaji watakuambia haibadilishwi, ila fundi kereza mwenye subira anaiweza. Nikanunua bolti zake halali, siyo zile za kufungia kitanda.

Bili ikawa shilingi 280,000. Sasa linganisha na upuuzi wangu: geti 40,000, senta beringi 60,000, kuvutwa kutoka Mlandizi 180,000, kunyoosha sakafu na bomba la moshi 70,000. Jumla 350,000 zimekwenda na maji kabla sijalipa 280,000 za maana. Lipu ya ukuta wa mama ile.

KWA WENYE VITZ NA IST

Najua kuna wanaosema, "Langu linavutwa na matairi ya mbele, halina propela." Sawa, lakini una draivu shafti mbili, kushoto na kulia, na mara nyingi hazilingani urefu. Ukibadili injini na gia boksi, angalia meno ya upande wa gia boksi, meno ya upande wa tairi, urefu wa kila upande, na ile pete ya ABS kama gari lako inayo. Siri ya mafundi ni kwamba jointi ya ndani inamfuata mtoa gia boksi, jointi ya nje inamfuata mwenye gari. Na ukisikia "ta-ta-ta-ta" unapokata kona, chungulia mpira wa jointi. Ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na hapo umeshaanza safari ya kwenda Mlandizi.

USISAHAU KADI

Jambo la mwisho si la spana. Kadi ya gari ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadili injini na usibadili kadi, umetengeneza gari lisilojulikana. Tunza risiti ya injini, nenda TRA urekebishe taarifa, na bima yako wajulishe. Siku ya ajali au siku ya kuuza ndiyo utajua nasema nini. Na kama umeweka injini yenye nguvu zaidi, tazama pia bleki. Kwenda kila mtu anajua, kusimama ndiyo kazi.

Jumapili iliyopita nilimchukua mama, tukaenda Morogoro kumsalimia mama mdogo na kuomba radhi. Nilipofika spidi 80 niliweka glasi ya maji kwenye dashibodi nimwonyeshe kuwa haitikisiki. Mama aliitazama ile glasi, akainywa.

"Angalia barabara," akaniambia.

Tulipoipita Mlandizi alisogeza miguu yake kidogo, akaipandisha, kisha akaishusha tena taratibu. Sikusema kitu. Lipu ya ukuta nimeahidi kuimaliza kabla ya mvua, na safari hii sijasema siku.

Wiki ijayo, tukijaliwa, nitarudi kwenye yale mambo yetu ya wachumba waongo. Nina uzoefu nayo sasa. Kaa salama!